Daftari la fundi cherehani halikunyamaza

*Maneno haya yalisemwa na fundi cherehani wa barazani mjini Moshi, mbele ya vijana wa kijiwe chake. Tumeyaweka kwenye karatasi yalivyotoka kinywani, tukiruka tu pale aliposimama kumhudumia mteja. Jina lake ameomba libaki barazani.*

Vijana wangu, na wewe msomaji uliyesimama kwenye meza ya muuza magazeti ukisoma bila kununua, sogea. Leo mmeniomba niwaeleze habari ya barakoa. Nitaieleza, lakini kwanza mjue anayesema ni nani.

Mimi sikusomea takwimu. Nilisomea futi kamba. Naketi mbele ya duka la vitenge ambalo si langu, na cherehani niliyokuwa naikanyaga mwaka ule wa 2020 haikuwa yangu pia, ilikuwa ya mwenye duka. Yeye ananipa kivuli cha baraza, mimi namletea wateja wa kitambaa. Nalipwa kwa nguo, silipwi kwa mwezi. Siku isiyo na nguo ni siku isiyo na ugali. Kwa hiyo msije mkadhani haya yalifanywa na tajiri mwenye huruma. Yalifanywa na mlalahoi mwenye sindano.

Sasa, fundi ana daftari. Kila nguo inaandikwa: mwenye nguo, kifua, kiuno, urefu, siku ya kuchukua. Ukijua kulisoma daftari la fundi, unajua mji unaishije. Sare za shule zikijaa, wazazi wamepata pesa ya kahawa au ya ndizi. Sare za kamati ya harusi zikijaa, watu wana amani. Suruali za kubadilisha zipu zikizidi, hali ni ngumu, hakuna anayenunua mpya. Serikali ina ofisi yake ya takwimu. Mimi nina daftari la kurasa 96.

Machi 2020 daftari hilo lilianza kusema lugha nyingine.

Mnakumbuka. Tarehe 16 Machi Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Ni Mtanzania aliyekuwa amerudi kutoka Ubelgiji, na alikuwa Arusha. Arusha si Ulaya. Kutoka hapa ni kilomita 80 hivi, mtu anakunywa chai Moshi anakula mchana kule. Kesho yake, tarehe 17, shule zikafungwa. Wazazi walioleta vitambaa vya sare wakapiga simu: fundi, subiri kwanza. Kamati za harusi nazo zikasema subiri kwanza. Katikati ya Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na hapo mlima nao ukafungwa bila kufuli. Nani angepanda? Wazungu walikuwa wamejifungia makwao.

Hapo ndipo walipoumia wengi wenu. Kijana wa Moshi asiye na duka wala shamba alikuwa na Kilimanjaro. Mgumu anabeba mzigo wa mgeni kichwani kutoka geti la Machame au Marangu, akishuka ana posho na bahshishi, analipa chumba Pasua au Majengo. Nchi nzima ilipokea watalii 1,527,230 mwaka 2019. Mwaka 2020 walikuwa 620,867. Msomi ataisoma tofauti hiyo kwenye kitabu. Mimi niliiona ikikaa barazani kwangu kutwa nzima, mikono mifukoni, ikiniomba maji ya kunywa.

Barakoa yenyewe ilianza hivi. Mama mmoja anayeshuka na ndizi kutoka Uru alinisimamia asubuhi, akaniambia, "Baba, huwezi kunishonea kile kidude cha mdomoni? Dukani nimeambiwa bei, nimerudisha hela mfukoni." Mnakumbuka barakoa za hospitali zilivyoadimika, na zilizopatikana bei ilivyopaa. Nikamwambia sijawahi kushona, sijui hata kinakaaje. Akacheka. Akasema, "Wewe unashona suti ya mtu mzima, utashindwa na kitambaa cha mdomo?"

Nikakata kipande cha bitana nyeupe na kipande cha kitenge kilichobaki kwenye gauni la mtu. Cha kwanza kilikuwa kibaya. Kilikaa kama mfuko wa kahawa, kikaacha mashavu wazi. Cha pili nikaweka marinda matatu, kikafunguka vizuri kutoka puani hadi chini ya kidevu. Sikumdai. Alinipa mkungu mdogo wa mshare, na kesho yake wakaja akina mama sita.

Hesabu yake ni nyepesi, na ninawapa bure. Kitenge kina upana wa inchi 45, yaani kama sentimita 115. Mita moja ukiikata vipande vya sentimita 20 kwa 25, unapata vipande 20. Unahitaji bitana ya kiasi hicho hicho. Lakini nani alikuwa na hela ya mita? Tuliokoa kwa makombo. Kila fundi ana gunia la vipande chini ya meza, vile ambavyo watoto huomba kutengenezea mpira. Baraza nzima tukafungua magunia. Mwenye duka akaongeza ncha za majora, zile asizoweza kumuuzia mtu. Lastiki ilipoadimika tukashona kamba za kitambaa, nne kwa kila barakoa, mtu anafunga kisogoni.

Wagumu waliokuwa wamekaa bure nikawapa mkasi. Wale wanaojua kukunja hema kwenye upepo wa Barafu hawashindwi kukunja rinda. Mmoja wao alikuwa akipanda navyo Kibosho kila Ijumaa, kwa miguu, kuokoa nauli. Nikamuuliza kama hachoki. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

Tuliuza shilingi 500 kwa mwenye nazo. Asiye nazo alichukua. Mzee aliyeshuka kwenda hospitali alichukua mbili, moja ya kuvaa na moja ya akiba. Kwa bei hiyo sikutajirika, ila sikulala njaa pia, na vijana wa mkasi walikula mchana.

Na kulikuwa na mambo ya kuchekesha, tusijifanye ilikuwa kilio mtindo mmoja. Mtu anakuja, anachukua barakoa, anaivaa, anajitazama kwenye kioo cha pikipiki, anasema hii hainipendezi, anairudisha. Anachukua nyingine. Kama anajaribu kofia! Watano wamevaa ile ile kabla haijapata mwenyewe. Ikabidi tuweke sheria: ukiiweka mdomoni umeinunua. Tukagombana na watu wazima kabisa. Mwingine aliinunua akaivaa kidevuni wiki nzima, nadhani ndevu zake zilikuwa salama.

Hapa nisijifanye mtakatifu. Siku moja alikuja bwana mmoja mwenye gari, akasema anazitaka zote, za wiki nzima, na atalipa mara mbili ya bei yetu. Nilijua anakwenda kuziuza stendi kwa bei ya kuruka. Nilikuwa na kodi ya miezi miwili. Niliuza. Jumamosi yake mama wa ndizi akaja na wenzake wanne kutoka juu, mezani hapakuwa na kitu, wakarudi wamejifunika khanga. Sikuwaambia ukweli. Niliwaambia uzi uliisha.

Ninyi ambao leo mnalalamika kila siku juu ya vigogo, na mnalalamika kwa haki, jueni kigogo anaanza hivyo. Anaanza na mali ya wiki moja na sababu nzuri ya kodi.

Nirudi kwenye daftari. Mwezi Aprili idadi ya wagonjwa ilikuwa ikisomwa redioni. Mei ikanyamaza. Tarehe 3 Mei Rais John Magufuli alilieleza taifa kwamba sampuli za mbuzi na papai zilipelekwa maabara zikarudi na majibu kwamba zina korona. Kijiwe kizima kilicheka siku ile, na mimi nilicheka. Tarehe 8 Mei ndege ikaleta dawa ya majani kutoka Madagascar. Juni tukaambiwa maombi ya siku tatu yamejibiwa, ugonjwa umekwisha. Kwenye vitabu vya Shirika la Afya Duniani Tanzania ikabaki na wagonjwa 509 na vifo 21, mwezi baada ya mwezi, kama saa iliyokufa betri.

Mtanisikia vibaya mkidhani nalaumu kila kitu. Nasema wazi: tungefungiwa ndani kama majirani zetu wa Uganda, mimi ningeuawa na njaa kabla ya korona kunifikia. Anayekula kwa kila nguo hawezi kukaa ndani siku 40. Kuacha masoko wazi lilikuwa jambo la maana, na waliolisema walikuwa wanamjua mtu wa barazani. Lakini kuacha soko wazi ni jambo moja, na kumwambia muuza soko kwamba hakuna kitu ni jambo lingine kabisa. La kwanza lilinipa ugali. La pili lilinipora wateja wa barakoa, hilo dogo. Kubwa ni kwamba lilimpora mtu akili ya kujikinga.

Maana Juni 2020 barakoa ilikufa. Ndoo za kunawia zilizokuwa kila mlango, zile ambazo mafundi wa kuchomelea waliziwekea stendi ya kukanyaga kwa mguu, zikageuka ndoo za kufulia. Daladala zilizokuwa zinakwenda levo siti zikarudi kubanana. Aliyevaa barakoa alitazamwa kama mwoga, au kama mtu wa upinzani. Kitambaa cha mdomo kimekuwa kadi ya chama! Nikaweka kielelezo changu cha kadibodi juu ya msumari, nikarudi kwenye sare, maana shule zilifunguliwa tarehe 29 Juni. Nami niliamini. Kwa nini nisiamini? Nilitaka kuamini kuliko mtu yeyote.

Kisha ikaja Desemba.

Nyie mmezaliwa hapa, hamhitaji kuelezwa Desemba ya Uchagani. Msomaji wa mbali ajue hivi: Mchagga anaweza kuwa Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi, popote, lakini Krismasi inamkuta kwenye kihamba cha baba yake. Mabasi hayatoshi. Magari madogo yanapanda Marangu, Machame, Rombo, Kibosho usiku na mchana. Mbuzi anachinjwa. Mbege inatolewa, na kata ni moja. Inaanza kwa mzee, meku mwenyewe, inapokezwa kwa mkwe, inapokezwa kwa kijana wa Dar es Salaam aliyeshuka kwenye basi jana, inarudi kwa mzee. Huo ndio undugu wetu, sina neno baya juu yake. Ila fikiri ugonjwa unaokaa mdomoni na kooni ungeomba nini zaidi ya kata ile.

Daftari likasema. Januari 2021, mwezi wa sare za shule, nilianza kupata oda za nguo nyeusi. Shati jeusi, haraka, kesho saa nne tunazika. Gauni jeusi la mama wa miaka 60, watoto wake wanalia barazani. Sare ya familia, watu kumi na wawili, kitambaa cha zambarau. Msiba mmoja Kirua, mwingine Old Moshi, mwingine Mwika, wiki hiyo hiyo. Nikiuliza marehemu aliumwa nini, jibu lilikuwa limeshonwa kwa uzi mmoja: nimonia. Changamoto ya upumuaji. Hakuna aliyetaja jina lenyewe, mpaka maneno hayo yakawa ndiyo jina.

Sikuwa na maabara. Sikuwa na haki ya kusema fulani kafa na nini, na leo pia sina. Lakini nimeshona misiba maishani mwangu, najua Januari ya kawaida inakuwaje. Ile haikuwa ya kawaida.

Februari alilala fundi wangu. Namwita fundi wangu kwa sababu ndiye aliyenifundisha kukata, nikiwa kijana kama ninyi, na mkono wake mmoja ulikuwa na alama ya pasi ya mkaa tangu ujana. Alishikwa na homa, halafu akawa hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati. Siku nne. Watoto wake hawakunipa jina la ugonjwa, sikuwadai.

Usiku ule nilishusha kadibodi kutoka kwenye msumari. Nilishona mpaka alfajiri, kitambaa cheusi kilichobaki kwenye misiba ya wengine. Asubuhi nikapanda nazo kihambani, nikasimama pale njia inapoingia migombani na kikapu mkononi kama muuza karanga. Kuna waliochukua. Kuna waliosema, "Fundi, na wewe umeanza siasa?" Kuna mzee mmoja, rika la marehemu, alichukua, akaigeuza akaangalia mshono kwa ndani kama wafanyavyo mafundi, akasema huu ni mkono wake. Akaivaa. Tukazika.

Siku za karibu na hizo mambo yakaanza kusemwa. Tarehe 17 Februari alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimesema hadharani kwamba ana korona. Tarehe 21 Februari Rais Magufuli akiwa kanisani Dar es Salaam alisema hakukataza barakoa, ila watu wavae zilizotengenezwa hapa nchini. Nikasikia nikiwa kwenye pedeli. Zilizotengenezwa hapa nchini! Sasa mimi nilikuwa natengeneza nini tangu Aprili mwaka uliopita? Mwanzoni mwa Machi Katibu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, Padri Charles Kitima, akasema mapadri zaidi ya 25 na masista 60 wamefariki katika miezi miwili. Kanisa nalo lina daftari lake.

Tarehe 17 Machi 2021 Rais Magufuli alifariki. Kilichotangazwa ni maradhi ya moyo. Aliyemfuata, Rais Samia Suluhu Hassan, aliunda kamati ya wataalamu mwezi Aprili, idadi zikaanza kutolewa tena, na tarehe 28 Julai 2021 alichanjwa mbele ya kamera. Dozi za kwanza zilikuwa zaidi ya milioni moja, za Johnson & Johnson. Sasa ninyi vijana mkaleta mpya: chanjo inamaliza nguvu za kiume. Nilichanjwa. Mke wangu hajalalamika.

Mtauliza yote haya ya nini leo, wakati Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei 2023. Yametokea tena, ndiyo maana. Januari 2025 habari za homa ya Marburg zilianza kutoka Biharamulo, mkoa wa Kagera. Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari. Wizara kwanza ikasema vipimo havikuonyesha kitu. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, Rais Samia akathibitisha kwamba ipo. Safari hii kimya kilikuwa cha siku, hakikuwa cha mwaka, hilo ni afadhali na nalisema kwa moyo mweupe. Marburg haizuiwi kwa kitenge, inapita kwenye majimaji ya mgonjwa na ya maiti, kwa hiyo sikukata hata kipande kimoja. Lakini mwenye kibanda Biharamulo, muuguza, mchimba kaburi, kila mmoja wao siku zile alihitaji kujua anashika nini.

Na mimi nimebadilika kidogo. Misiba ikija mitatu wiki moja kutoka upande mmoja wa mlima, naiandika kwa wino mwekundu, halafu namfuata mhudumu wa afya wa mtaa wetu namwonyesha. Mara mbili ameniambia ni mambo ya kawaida, wazee tu. Nashukuru. Mara moja alinyamaza, akapiga picha ukurasa ule kwa simu yake.

Kijana wa nyuma pale ameniomba vipimo vya barakoa, naona ana kalamu. Andika. Vipande viwili, sentimita 20 kwa 25, nje kitenge, ndani pamba ambayo haijachakaa. Ukitaka imara zaidi weka cha tatu katikati. Mwaka ule Juni wataalamu wa dunia walishauri matabaka matatu, na lile la katikati liwe la kitambaa kisichofumwa, jamii ya ile mifuko tuliyoanza kubebea baada ya ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019. Uwe mfuko mpya, siyo uliobebea dagaa. Fua kitambaa kabla ya kukata, kisije kikanywea baadaye. Marinda matatu, midomo yake itazame chini. Kamba nne, kila moja sentimita 45. Piga mshono wa pembeni mara mbili, ndipo panapochanika. Mtu aifue kila siku kwa sabuni, aianike juani, na ikilowa kwa jasho aivue.

Kadibodi ipo pale kwenye msumari. Ukitaka kuinakili, inakili, lakini irudishe.